Bagi za mchangani Dubai: nendeni tu, ila ukiambiwa "helmeti ukitaka" wewe itake

Naandika hii kwa ajili yenu wafanyabiashara wa Kikuubo na Kisekka hapa Kampala mnaopanda ndege kwenda Dubai kuchukua mzigo, maana najua siku ile ya mwisho mkishamalizana na watu wa kago lazima atatokea mtu aseme twendeni jangwani tukaendeshe bagi, vile vigari vya wazi vya kupanda vilima vya mchanga. Nendeni. Mimi nimeenda Januari na hela yangu siilalamikii. Ila kuna hii habari ya helmeti ambayo imenikaa moyoni mpaka leo, na kwa vile mvua inanyesha hapa mjini na dukani hakuna mteja hata mmoja, wacha niitoe.

Tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu, mume wa dada, tunafanya wote biashara ya spea za simu. Tukachukua bagi moja ya viti viwili kwa saa moja, walianza na dirhamu 600 tukavutana nao mpaka 450, na ukitaka hesabu ya haraka dirhamu moja ni kama shilingi elfu moja ya kwetu Uganda, kwa hivyo piga laki nne na nusu. Humo ndani kuna gari ya kuwatoa mjini Deira mpaka jangwani Lahbab na kuwarudisha, na maji ya chupa. Deposit ni pembeni, na hapo muwe macho, pigeni picha ya bagi pande zote kabla hamjaiwasha, kila mkwaruzo, kila kona, maana mkirudi watu wale wanaizunguka kama polisi wa trafiki anayetafuta kosa.

Jangwa lenyewe jamani. Ukiwa mbali unaona wekundu unadhani ni maramu ya barabara ya kijijini, ukifika ukishika ni laini kama unga wa muhogo. Sisi kwetu hatuna kitu kama kile, mchanga wetu ni ule wa Lwera wa kujengea nyumba na ule wa mto Kidepo ukikauka kule Karamoja, basi. Hapa ni vilima juu ya vilima mpaka macho yanachoka. Shemeji alivua viatu akaanza kutembea peku kama mtoto, mtu wa miaka arobaini na mbili.

Sasa tukaletwa kwenye mashine. Injini yake karibu cc 1000, nguvu za farasi zaidi ya 100, matairi manene, milango ni kama nusu mlango halafu juu yake wavu, hakuna kioo cha mbele, na kichwani kwako umezungukwa na mabomba ya chuma kama kuku kwenye tenga. Mkanda ni ule wa kuvuka mabega yote mawili na kiuno, unakubana mpaka unasikia moyo wako. Mashine nzuri, safi, ilikuwa inawaka mara moja, sina neno hapo.

Helmeti ndo zilikuwa kwenye beseni. Beseni kabisa, la plastiki, limewekwa chini ya meza karibu na chupa za maji, helmeti zimetupwa humo kama viazi. Kijana wa mapokezi akatuambia kwa Kiingereza chake kwamba helmeti ni ukitaka, miwani ya vumbi ndo lazima. Nikazipekua. Moja sponji imetoka yote, nyingine kamba imefungwa fundo kwa sababu kifungo kimekufa, nyingine inanuka jasho la watu wa mataifa yote. Nikapata moja ya kunifaa baada ya kujaribu ya tano.

Shemeji akacheka. Akasema yeye havai. Na sababu zake alikuwa nazo, si mnamjua mtu akishaamua sababu hazimwishi, akasema kwanza joto (Januari! jioni ilikuwa baridi tamu mpaka mimi nilivaa sweta), pili mchanga ni laini ukianguka ni kama godoro si kama lami ya Jinja Road, tatu hii keji ya mabomba imewekwa kazi gani kama siyo kulinda kichwa, nne ona wale watalii kwenye Land Cruiser wanarushwa huko juu ya vilima na hakuna aliyevaa kitu, na mwisho, hii ndo ilikuwa sababu yenyewe, picha. Alikuwa amenunua kile kilemba cha Kiarabu cha nukta nyekundu anataka apigwe nacho picha kwenye usukani.

Pale getini kulikuwa na askari mlinzi, kijana wa kwetu wa Tororo, alipotusikia tunaongea Kiswahili akasogea. Akatusalimia, shikamoo wazee, akauliza Kampala kukoje, bei ya sukari ikoje, halafu akashusha sauti ingawa bosi wake hasikii Kiswahili hata neno.

"Mzee, hiyo kofia wewe mvalishe na mwenzio. Mimi nasimama hapa geti hili kila siku, naona watu wanarudi wameshika vichwa."

"Wamepinduka?" shemeji akauliza.

"Hapana mzee. Hawajapinduka hata. Wamejigonga tu."

Shemeji akamshukuru, akampa dirhamu kumi ya soda, akafunga kilemba chake.

Nilipokaa kwenye kiti cha abiria kitu cha kwanza nilichoona mbele ya macho yangu ni stika ya mwenye kiwanda imebandikwa kwenye dashibodi, ina picha ya kichwa kimevaa helmeti, imeandikwa vaa helmeti na kinga ya macho, funga mkanda, mikono na miguu ibaki ndani. Yaani aliyeitengeneza mashine ameandika vaa, aliyeikodisha anasema ukitaka. Nikamwonyesha kijana wa mapokezi kwa kidole. Akatabasamu. Tukaondoka.

Raha nisiwafiche, ipo. Mbele anatangulia kiongozi wao wa msafara na bagi yake, wewe unafuata alama za matairi yake, anapanda kilima unapanda, injini inalia, mchanga unaruka pembeni kama maji, ukifika juu tumbo linabaki chini. Jinsi vile vilima vilivyo ni kwamba upande upepo unakotoka ni mteremko wa pole, unapanda bila shida, lakini upande wa pili mchanga umedondoka wenyewe na umesimama wima, mteremko wa digrii thelathini na kitu, na ukiwa unapanda huuoni. Unaona mbingu tu. Ndo maana kiongozi anasimama kileleni kwanza, anaangalia, ndo anakuita. Na ndo maana nawashauri mchukue ile ya saa kumi jioni au asubuhi mapema kabisa, jua likiwa la pembeni vivuli vinakuonyesha shimo liko wapi, saa sita mchana jua liko utosini kila kitu kinaonekana sawasawa kama karatasi na shimo unalijua ukishaingia.

Sisi tulienda saa kumi, vivuli vilikuwepo, na bado.

Kama dakika ya ishirini na tano shemeji akaanza kuona amekuwa bingwa. Kiongozi alisimama kileleni akatupungia mkono taratibu taratibu, shemeji akaelewa anaambiwa njoo njoo. Tukafika juu na mwendo, pua ya bagi ikaning'inia kidogo, halafu tukashuka ule upande wa wima mpaka chini, na chini kulikuwa na kama kibonde kidogo mchanga wake mgumu, tukapiga pale kwa upande wa kulia. Hatukupinduka. Bagi haikuumia hata. Lakini mimi nilisikia KO! sikioni kama mtu amepiga sufuria na mwiko, kichwa changu kimeenda kugonga bomba la ubavuni, na shemeji naye kichwa chake kilikwenda upande ule ule wangu, kikakutana na lile bomba la katikati linaloshuka nyuma ya viti.

Mimi nilitikisika shingo, basi. Helmeti ikabaki na mchubuko mrefu kama kidole. Shemeji alinyamaza kimya, mtu ambaye hanyamazagi, nikageuka nikaona kilemba cha nukta nyekundu kimeongezeka wekundu.

Alipasuka juu ya sikio. Si sana, hospitali walimshona nyuzi nne, akapigwa picha ya kichwa, ndani hakuna shida tunamshukuru Mungu. Lakini zile dakika za kumrudisha kambini mchangani pale, damu inashuka shingoni na huyu mtu ananiuliza mara mbili mbili leo ni siku gani, zile dakika siziombi tena. Na tulivyofika kambini, wa kwanza kutukimbilia aliinama akaangalia tairi la mbele kulia. Tairi! Kisanduku chao cha huduma ya kwanza kilikuwa na plasta za kidole na mkasi. Yule kijana wa Tororo ndo alileta taulo safi kutoka kwenye begi lake mwenyewe.

Sasa turudi kwenye hoja za shemeji maana najua wengi wenu mnazo hizo hizo, na mimi pia ile ya keji nilikuwa naiamini nusu nusu.

Keji inazuia mashine isikulalie ikipinduka. Kazi yake ni hiyo na inaifanya. Lakini keji ni chuma, na iko shibiri moja au mbili kutoka kichwani kwako. Mkanda umeshika mabega na nyonga, kichwa hakijashikwa na kitu, kiko juu ya shingo kama embe juu ya kijiti, gari likipiga pembeni mwili unabaki na kichwa kinasafiri. Hiyo mchanga laini mchanga laini sahau, mchanga hukutani nao kabisa, unakutana na bomba. Na wale wa Land Cruiser wako ndani ya gari zima, kuna dari, kuna vitambaa, kuna vioo, anayeendesha ni dereva wa kazi hiyo kila siku, siyo muuza spea kutoka Kampala aliyejifunza dakika tano. Sisemi wao hawaumii, nasema usilinganishe.

Helmeti yenyewe inavyofanya kazi siyo lile gamba la nje, watu wengi wanadhani ni gamba. Ni lile povu gumu jeupe la ndani, kama lile linalokuja kwenye boksi la TV. Kichwa kikigonga lile povu linabonyea, na kule kubonyea ndo kunafanya kichwa kisimame polepole kidogo badala ya kusimama ghafla. Likishabonyea halirudi. Kwa hiyo helmeti iliyokwisha kugongwa vizuri imemaliza kazi yake, haifai kurudishwa kwenye beseni apewe mwingine kesho, na mimi ile yangu niliirudisha na kuwaonyesha mchubuko, wakaitupa mle mle beseni mbele ya macho yangu. Hapo ndo nilipowapunguzia nyota kwenye alama ninazowapa.

Kuna watu wanasema helmeti inafanya usisikie injini na usione pembeni, na kwamba uzito wake unaichosha shingo. Hii siikatai yote. Ile kubwa ya bodaboda yenye kioo inaziba, ukipumua kioo kinajaa ukungu, mchanga ukiingia unakaa humo na wewe. Ya mchangani ni ile ya watu wa mashindano ya pikipiki za porini, ina kidevu kirefu mbele na nafasi wazi machoni unavaa miwani ya vumbi, upepo unapita. Na ikiwa kubwa kuliko kichwa chako ni shida kweli, inakushukia machoni wakati unapanda kilima. Tikisa kichwa kabla hujatoka, ikizunguka yenyewe wewe umebaki, siyo saizi yako. Kama hawana saizi yako mwambie akurudishie hela, kampuni ziko nyingi pale.

Akina dada, hili la nywele nimeulizwa na binamu yangu anayetaka kwenda Desemba. Rasta zikifungwa fundo kubwa utosini helmeti haiingii, na ikiingia imekaa juu kama kofia ya mpishi, hiyo ni sawa na hujavaa. Zifungeni chini, kisogoni, au msuke zile za kulala. Wanaovaa hijabu, ile ya ndani nyembamba inatosha chini ya helmeti, na pini zote toeni, pini chini ya helmeti ni jambo baya. Na bebeni kile kikofia chembamba cha wavu, kama kile ambacho SafeBoda, wale wa bodaboda za kuita kwa simu, walikuwa wanawapa abiria chini ya zile helmeti zao za rangi ya chungwa, kwa sababu lile beseni nimeshawaelezea.

Halafu watoto. Niliona baba mmoja amempakata mtoto wa miaka kama sita kwenye bagi, mkanda mmoja watu wawili. Kama mtoto hawezi kuegemea kiti miguu ikagusa sakafu na mkono ukafika kwenye kishikio, huyo bado, mpandisheni ngamia.

Hawa Wamarekani ndo waliuanza huu mchezo, mwaka 1964 jamaa wa California anaitwa Bruce Meyers alichukua Volkswagen ile ya mgongo wa kobe akaivalisha bodi ya faiba akaenda nayo kwenye mchanga wa baharini, watu wakamwiga dunia nzima. Huko huko California sheria tangu 2013 inataka dereva na abiria wa hizi bagi za keji wote wavae helmeti. Nilimsomea shemeji hii kwenye simu tukiwa hospitali tunasubiri. Akanijibu hapa siyo California. Sawa.

Na msidhani nasifu vya wenzetu tu au naponda vya wenzetu tu. Machi nikawapeleka watoto wangu wakubwa Jinja kuendesha kwodi, zile za matairi manne unakalia kama pikipiki, upande ule wa Bujagali ambako maporomoko yalifunikwa na maji ya bwawa. Kule hakuna ukitaka. Wanakupa ovaroli, gambuti na helmeti, wanakupima ya kichwa chako moja moja, unazunguka kiwanja kwanza wanakutazama, na yule mwalimu alikuwa na kisentensi chake, bila helmeti hakuna ufunguo. Kijana wangu alijaribu kuisukuma nyuma ili sura ionekane kwenye video, akasimamishwa akarudishwa mwisho wa mstari. Vumbi tulikula kilo nzima, tukatoka wekundu kama matofali, tukamalizia na rolex barabarani, ile chapati ya kuviringishwa na mayai. Najua kwodi haina keji, ni kitu kingine, huko kichwa kiko wazi kabisa, lakini ninachosema ni ule utaratibu. Kama Jinja wanaweza kwa watu wa kawaida kama sisi, mtu anayenitoza laki nne na nusu kwa saa moja anaweza.

Mwenye nafasi kwenye begi abebe yake. Ila siyo zile za shilingi elfu arobaini za pembeni ya barabara, zile ni za kumwonyesha askari, ukizibonyeza pande mbili na viganja zinakunjamana, ndani ni sponji ya godoro juu ya plastiki, povu gumu hakuna. Angalia kama lipo, angalia kamba kama imeshonwa na siyo kugundishwa, na alama ya ECE au DOT ya kuonyesha imepimwa usalama, ingawa stika nayo Kampala inachapishwa kwa hiyo amini zaidi vidole vyako. Mimi yangu nilinunua Dubai siku ya pili kabla ya ndege, ya porini hasa, na sasa ndo naivaa kwenye boda kila asubuhi, watu wa stage wananiita rubani.

Nyota basi. Bagi yenyewe tano, kiongozi wa msafara nne maana alikuwa mpole na alijitahidi, jangwa halina nyota za kutosha, usafiri wa kwenda na kurudi nne. Helmeti na huduma ya kwanza sifuri, na kama kungekuwa na chini ya sifuri ningeweka. Jumla nawapa mbili, na jina lao silitaji kwa sababu mlinzi wao alitusaidia na sitaki kibarua chake kiharibike.

Deposit walirudisha yote, baada ya nusu saa ya kubishana juu ya mkwaruzo ambao ulikuwepo kwenye picha yangu tangu mwanzo.

Shemeji amepona, nywele zimeota, alama inaonekana akinyolewa tu. Nyumbani alisema aligongwa na mlango wa kabati la hoteli. Dada yangu, kama umefika mpaka hapa chini, hakukuwa na kabati.